Kivuli kwenye Ini: Vimelea au Saratani?

Neno "uvimbe" likitamkwa katika chumba cha altrasaundi, mgonjwa husikia neno jingine. Karatasi ya majibu yaweza kuwa imeandikwa kwa uangalifu wote: "uvimbe mmoja, upande wa kulia wa ini, upana wa sentimita tisa." Lakini kabla haijamfikia daktari aliyeagiza kipimo, jamaa waliokaa kwenye benchi la nje wameshaamua kwamba hiyo ni saratani. Wapo wanaouza mbuzi ili kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Wapo wanaomrudisha nyumbani ili akafie miongoni mwa watu wake. Na miongoni mwa wagonjwa hao wapo ambao uvimbe wao haukuwa saratani kamwe, bali makao ya kimelea kilichoingia mwilini miaka mingi iliyopita, wakiwa bado watoto wanaocheza na mbwa mlangoni.

Kinyume chake pia hutokea. Mwanamume mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia na homa ya jioni hupewa dawa za jipu la amiba, mzunguko wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mwishowe hugundulika kwamba lile jipu lilikuwa saratani ambayo katikati yake imeoza. Kosa la kwanza humnyima mtu tumaini pasipo sababu, na likiambatana na sindano iliyochomwa kwa haraka, laweza kumwua palepale kitandani. Kosa la pili hula majuma ambayo upasuaji ungeweza kufaa kitu.

Chanzo cha makosa yote mawili ni kuidai picha iseme zaidi ya ijuayo. Altrasaundi hutuma mawimbi ya sauti mwilini na kuchora mwangwi unaorudi. Majimaji safi hupitisha mawimbi bila kuyarudisha, kwa hiyo huonekana meusi. Nyama hurudisha sehemu, nayo huwa ya kijivu. Mfupa na chokaa hurudisha karibu yote, hivyo hung'aa kwa weupe na nyuma yake huachwa kivuli. Mpimaji basi huona giza, ukijivu na weupe, pamoja na umbo na mipaka yake. Jina la ugonjwa halimo kwenye kioo, sharti litafutwe.

Kifuko chenye sura nyingi

Mahali pazuri pa kuanzia ni Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikadiria kwamba katika eneo la kaskazini mwa Turkana walipatikana wagonjwa wapya zaidi ya 200 wa hidatidi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kilichohesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Ugonjwa huo huletwa na tegu mdogo aitwaye Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita chache tu, aishiye katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, hunata kwenye manyoya yake, huangukia majani na maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala, kifuko cha maji huota ndani ya ini au mapafu yake. Mnyama akichinjwa na mbwa akatupiwa ini lile, mzunguko hukamilika. Binadamu huingia katika safari hii kwa bahati mbaya, naye hubeba kifuko kilekile kinachobebwa na mbuzi.

Katika maisha ya kuhamahama ya Waturkana mbwa hakuwa mlinzi wa boma peke yake. Alilala ndani pamoja na watu, na kwa desturi aliachwa karibu na mtoto mchanga, akimlamba na kumsafisha pale ambapo maji hupatikana kwa kutembea nusu ya siku. Ndiyo maana wanawake, wanaoshinda nyumbani na mbwa, waliathirika kuliko wanaume. Kulitaja jambo hili si kuwadharau: mahali penye ukame, mbwa alifanya kazi ambayo maji yangefanya. Wafugaji wa Kimasai wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania nao wanaufahamu ugonjwa huu, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi.

Shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko Turkana mwaka 1983, na ni katika mazingira hayo altrasaundi ilipodhihirisha thamani yake. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha ulinganisho wa mashine ya altrasaundi ya kubebeka na vipimo vya damu katika kuwatafuta wagonjwa miongoni mwa wahamaji. Mashine ilishinda. Watu kadhaa walikuwa na kifuko kilicho wazi kwenye picha, ilhali damu yao haikuonyesha dalili yoyote ya mwili kupambana na kimelea. Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila mhudumu wa afya: jibu la damu lisemalo "hapana" haliondoi hidatidi, na kwa hiyo halithibitishi saratani.

Kinachoutofautisha ugonjwa huu ni kwamba kifuko hubadilika sura kadiri kinavyozeeka. Mwaka 1981 Hassen Gharbi na wenzake wa Tunisia walipanga sura hizo katika makundi, na mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakachapisha mpango unaotumiwa leo, wenye hatua za CE1 hadi CE5. Kifuko kichanga ni duara jeusi lenye ukuta wa mistari miwili. Mgonjwa akigeuzwa ubavu, chembe nyeupe huinuka na kushuka ndani yake kama vumbi katika mwale wa jua. Baadaye vifuko vidogo huzaliwa ndani ya kikubwa, na picha ikawa kama sega la nyuki. Pengine utando wa ndani hubanduka na kuelea kama jani la yungiyungi juu ya bwawa. Mwenye kuziona ishara hizi hana haja ya kusitasita, kwa maana hakuna saratani inayojichora hivyo.

Shida huanza katika CE4. Majimaji yamenyonywa, tando zimekunjamana, na mahali palipokuwa na duara jeusi pana bonge la kijivu lisilo sawa, gumu kwa kutazama, ambalo mtu asiyelizoea huliita saratani bila kupepesa. Kisha chokaa huzidi kujijenga pembeni mpaka kifuko kiwe kama kilichofunikwa na ganda la yai, nacho huitwa CE5.

Hapo ndipo palipo na kinyume kinachowapotosha wengi. Kifuko cheusi, safi, chenye sura ya upole, ndicho kilicho hai na chenye hatari ya kupasuka. Bonge baya la kijivu linalomtia kila mtu hofu, kwa kawaida ni mnyoo uliokwisha kufa au unaokaribia kufa. Mgonjwa mwenye CE4 au CE5 asiye na maumivu wala manjano mara nyingi hahitaji kisu wala dawa, huhitaji kupimwa tena kwa vipindi. Sura ya kutisha na hatari yenyewe zimepishana njia.

Lawezaje bonge hilo kutambuliwa? Mpimaji aliyezoea hulitazama polepole, akitafuta mikunjo ya utando iliyojiviringisha ndani yake kama mpira wa uzi. Huwasha kipimo cha Doppler kinachoonyesha mwendo wa damu: ndani ya kifuko kilichokufa hamna mshipa unaopita, ilhali saratani haiishi bila damu. Huangalia kama mishipa ya jirani imesukumwa kando au imevamiwa. Huuliza kama kuna picha ya zamani, kwa kuwa bonge lisilobadilika kwa miaka mitatu si mwenendo wa saratani ya ini. Tena hupima mahali pengine tumboni, maana kifuko cha pili kilicho katika hatua ya wazi zaidi hukifichua kile cha kwanza. Zipo nyakati ambapo baada ya yote hayo shaka hubaki, na ni heri shaka iandikwe kwenye majibu kuliko kufichwa nyuma ya neno la haraka.

Sindano isiyoulizwa

Daktari anayeshuku saratani hutamani kipande cha nyama ili kikachunguzwe kwa hadubini. Katika ogani nyingi huo ndio mwenendo sahihi. Katika ini la mtu aliyeishi na mbwa na mifugo, hatua hiyo ina swali linalotangulia. Majimaji ya kifuko kilicho hai yamo katika msukumo mkubwa, nayo yamejaa vichwa vidogo vya tegu ambavyo kila kimoja chaweza kuwa kifuko kipya. Sindano ikipenya na majimaji yakavuja, mbegu hizo hutapakaa tumboni. Mbaya zaidi, mwili waweza kupatwa na mzio mkali wa ghafla: shinikizo la damu huporomoka, pumzi hubana, na mgonjwa aliyeingia akitembea hutolewa amebebwa.

Haimaanishi kwamba sindano ni mwiko. Tangu miaka ya 1980 iko njia ya kutibu baadhi ya vifuko kwa kuvichoma, kuvuta majimaji, kuingiza dawa inayoua vichwa vya tegu, na kuvuta tena. Njia hiyo imetumika hata Turkana. Lakini mgonjwa huanzishiwa albendazole kabla, dawa za mzio huwa tayari mkononi, altrasaundi huiongoza sindano ipite kwanza katika nyama ya ini, na kifuko kinachopitisha majimaji kwenye mirija ya nyongo hakiguswi kwa njia hiyo. Sindano ni ileile. Kinachoitofautisha ni kama aliyeishika alijua anachomchoma nani.

Kosa la kudhani kimelea ni saratani halikuanzia Afrika, wala kwenye mashine. Katikati ya karne ya 19, madaktari wa kusini mwa Ujerumani waliofungua maiti walikuta ini lililoliwa na bonge lenye matundu, wakaliita aina ya saratani. Mwaka 1855, mjini Würzburg, Rudolf Virchow alionyesha kwamba lile bonge lilikuwa kazi ya tegu. Huyo ni ndugu wa tegu wa Turkana, Echinococcus multilocularis, ambaye mwenyeji wake mkuu ni mbweha wa nchi za baridi, toka Ulaya ya kati hadi China. Yeye hajengi kifuko cha duara. Hupenya ini bila mpaka, hufuata mishipa, na huweza kufika mapafuni na kwenye ubongo, kwa mwenendo wa saratani hasa. Hayumo katika mbuga za Afrika Mashariki. Anatajwa hapa kwa kuwa ikiwa wanasayansi waliolishika ini lenyewe mikononi walidanganyika, mpimaji anayetazama kivuli chake kwenye kioo anastahili kupewa muda.

Damu inavyosema

Saratani ya ini yenyewe ina tabia yake, nayo hujulikana kwa namna inavyokunywa damu. Ini la binadamu hupata damu kwa milango miwili: karibu robo tatu huja kwa vena kubwa itokayo utumboni, na robo iliyobaki kwa ateri. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini hulishwa zaidi na ateri. Kwa hiyo mgonjwa akichomwa dawa ya kontrasti na kupigwa picha za CT au MRI kwa hatua, saratani huwaka mapema, yapata nusu dakika tangu sindano, kabla ini lililoizunguka halijang'aa. Dakika chache baadaye ini lote hung'aa na saratani huwa imefifia, ikaonekana kama doa jeusi. Kuwaka mapema na kufifia mapema, katika ini lenye sirosisi au homa ya ini B ya kudumu, ni ushahidi mzito kiasi kwamba mara nyingi hakuna haja ya kukata kinyama. Katika ini lisilo na magonjwa hayo, kanuni hiyo haitoshi peke yake.

Kifuko cha hidatidi hakiwaki ndani katika hatua yoyote. Picha ikipigwa mara moja tu, bila hatua hizo, tofauti hii yote hupotea, na fedha za mgonjwa huwa zimekwenda bila kujibu swali. Ni afadhali hospitali iliyo na mashine moja ya CT inayopiga hatua tatu kwa usahihi kuliko mgonjwa kuzungushwa kati ya vituo vitatu vinavyorudia picha ileile.

Umri nao hausaidii kama inavyodhaniwa. Kusini mwa Sahara, ambako homa ya ini B hupatikana tangu utotoni na sumukuvu huingia kwa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, saratani ya ini huwapata wengi wakiwa katika miaka ya arobaini, au hata kabla. Ujana wa mgonjwa si sababu ya kusema "haiwezi kuwa." Kipimo cha damu cha alfa-fetoprotini kikiwa juu sana huipa nguvu shaka ya saratani, lakini kikiwa cha kawaida hakiiondoi.

Jipu la amiba ndilo linalofanana zaidi na saratani iliyooza katikati. Huwa mara nyingi moja, upande wa kulia, karibu na ngozi ya ini, kwa wanaume zaidi kuliko wanawake, tena wengi wao hawana kuhara wakati huo. Kontrasti huwasha pembezoni pake, nako katikati hubaki giza, jambo ambalo saratani iliyooza nayo huweza kulifanya. Hapa muda ndio kipimo. Mgonjwa aliyepewa metronidazole ipasavyo huanza kupata nafuu ndani ya siku tatu: homa hushuka, maumivu hulegea, hamu ya chakula hurudi. Asipopata nafuu, utambuzi wenyewe ndio unaopaswa kuulizwa upya, wala si idadi ya vidonge kuongezwa.

Lakini nafuu ihukumiwe kwa mgonjwa, isihukumiwe kwa picha. Tundu la jipu lililopona huendelea kuonekana kwa miezi, na katika majuma ya mwanzo laweza hata kuonekana kubwa zaidi. Mtu aliyepona, anayekula ugali wake na kulima, hupimwa tena baada ya wiki mbili, hukutwa na "uvimbe uleule", na safari ya hofu huanza upya.

Katika vijiji vinavyozunguka Ziwa Viktoria kuna kivuli cha aina nyingine. Mayai ya kichocho cha utumbo hukwama katika matawi ya ile vena kubwa, na kovu hujengeka kuyazunguka, hata ini likaonekana lina mabomba meupe. Bandama hukua, mgonjwa hutapika damu, na wanaomtazama husema saratani au sirosisi. Mabomba hayo hufuata mishipa na hayafanyi bonge, na ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi yake vizuri. Hata hivyo mtu mmoja aweza kuwa na kichocho na homa ya ini B kwa pamoja. Bonge la duara likionekana katika ini la namna hiyo, lichunguzwe kwa haki yake, lisisingiziwe kichocho.

Katika yote haya, kilicho rahisi zaidi ndicho kinachosahauliwa. Fomu ya kuomba kipimo huletwa chumbani ikiwa na maneno mawili, "maumivu ya tumbo", na mpimaji huachwa abahatishe. Laiti ingeandikwa kwamba mgonjwa alilelewa katika boma la wafugaji, kwamba uvimbe umekuwapo miaka sita bila yeye kukonda, kwamba ana homa au hana, kwamba amepimwa homa ya ini B na majibu yalikuwa haya, nusu ya kazi ingekwisha kabla ya gel kupakwa tumboni. Mpimaji naye, badala ya "uvimbe kwenye ini", aandike hatua ya kifuko, vipimo vyake, hali ya ukuta wake, na kama damu inapita ndani. Daktari ampe mgonjwa jina la kinachodhaniwa na jina la kinachohofiwa, na amweleze kipimo kipi kitavitenganisha. Mgonjwa mwenyewe ana wajibu mmoja ambao hakuna awezaye kumtimizia: kuzitunza picha zake. Bahasha ya zamani, hata ikiwa imekunjwa na kuingia vumbi, yaweza kumwokoa na kisu.

Kwa mwenye kifuko kilichokufa, ratiba haina mengi. Hurudi kila mwaka kwa miaka kadhaa, mara nyingi akiwa na bahasha hiyo ndani ya mfuko wa nailoni. Hulala kitandani, huambiwa avute pumzi na kuishikilia. Mpimaji huweka picha mbili kandokando, ya mwaka jana na ya leo, na kupima tena kutoka ukingo hadi ukingo.

"Ile ya mwaka jana ilikuwa sentimita tisa, mama," husema. "Leo ni nane na nusu."